Mtwa Aliyekosa Matanga

Kama hukuwahi kumsikia Fundi akimtukana mbuzi, basi shule yetu uliipita tu, hukusoma. Asubuhi za mwezi wa saba, Njombe ikiwa imeganda, nyasi nyeupe kama zimenyunyiziwa unga na vidole vyetu vikikataa kushika kalamu, yeye alisimama nje ya karakana na shati tu, mikono kaikunja hadi viwikoni, akipambana na beberu wa Mwalimu Mkuu. Alianza kwa Kiswahili. Kiswahili kikimwishia aliingia Kibena, na Kibena chake hakikuchelewa kwisha, kwa hiyo alimalizia kwa lugha ya kwao, iliyosikika kama mtu anayepasua kuni mbichi. Beberu alimsikiliza mpaka mwisho, kwa adabu kuliko sisi darasani, kisha akarudi kutafuna alichokuwa akitafuna, ambacho mara nyingi kilikuwa kofia ya Fundi.

Alikuwa mzungu, lakini si wa kuogopa. Wazungu tuliwajua. Setla alikuja na gari na vumbi lake. Bwana Shauri, mkuu wa wilaya, alikuja na karani wa kumbebea kofia. Fundi alikuja na viraka viwili magotini, alivyovishona mwenyewe, kimoja cha gunia la viazi. Tukimwita Bwana aligeuka nyuma kuangalia Bwana yuko wapi. Tukamwita Fundi, na jina likamkaa, kwa hiyo jina lake lenyewe sitaliandika hapa, na kusema kweli hata Mwalimu Mkuu alilitamka kila siku kwa namna tofauti.

Ililetwa kambi nzima ya Wapolandi wakati wa vita, wanawake na watoto wengi, nao wakajengewa vijumba vyao huku kwetu. Fundi alikuwa katikati yao kama kiazi kwenye gunia la njegere. Hakuwa Mpolandi. Alikuwa Mserbia, wa pekee Njombe nzima na nadhani Tanganyika nzima. Kule Misri kwenye mahema mtu fulani alimwambia apande meli ile pale, akapanda, meli ikamleta Dar es Salaam. Tulimuuliza kwa nini hakukataa. Akasema aliambiwa kwa Kiingereza.

Shule ikamchukua afundishe useremala. Nilikuwa darasa la pili, sifiki hata kwenye meza ya kurandia, na nimekua mpaka kuota ndevu tatu mbele ya macho yake. Kwa hiyo ninapoandika habari zake naandika mtu ninayemjua, si kama wale wanaoandika habari za Vasco da Gama.

Jambo moja alilitaka, nalo alilitaka kila siku: kurudi kwao. Lakini hakuweza, na sababu yake alituambia bila kuificha. Wajerumani walipoingia nchini mwao, watu waliingia msituni kupigana nao. Ubaya ni kwamba waliingia makundi mawili, na makundi yenyewe yakaanza kupigana. Kundi la Fundi lilishindwa. Walioshinda ndio wenye nchi sasa, na jina lake wanalo. Akirudi watamfunga. Alilisema hilo kama unavyosema mvua itanyesha alasiri, huku akikitazama kisu cha randa kama kimenoleka.

Watu walimwambia ashukuru, maana Njombe ni pazuri. Akawajibu, "Ni pazuri. Ndio ubaya wake." Nilimwomba anieleze, akasema wangempeleka jangwani angesahau. Lakini hapa anaamka kuna ukungu, kuna baridi, kuna moshi wa kuni, jogoo anawika upande wa pili wa bonde, na kabla hajafumbua macho vizuri yuko kwao. Halafu mtu anapita dirishani anamsalimu kwa Kibena, kamwene, na anakumbuka yuko wapi.

Basi, huyo ndiye aliyetufundisha useremala. Na chini ya useremala, kama panya chini ya ghala, alitufundisha habari za mtwa wake.

Ilikuwa hivi. Fundi hakupenda misumari. Msumari ni uvivu, alisema. Mbao mbili zikikatwa vizuri zinashikana zenyewe kama watu walioelewana. Kwa hiyo kila kitu kiliungwa kwa ulimi na tundu, kwa gundi aliyoichemsha kutokana na kwato, yenye harufu ambayo darasa la jirani lilitulaani kwayo. Na gundi ina tabia ya kutaka kungojwa. Tukiwa tunaingoja, hamna cha kufanya, yeye anaanza.

Siku ya kwanza alituuliza neno. Mtu aliye mkubwa juu ya watu, ana ardhi na askari wake, lakini chini ya mfalme, ninyi mnamwitaje? Tukasema mtwa. Akalionja neno, akalikubali. Toka siku hiyo yule bwana wa zamani wa Serbia akawa mtwa, na akawa wetu.

Mfalme wake alikufa vitani kwenye uwanda. Waturuki wakaichukua nchi. Wakubwa wengine walipiga magoti, wakaachiwa nyumba zao na mizabibu yao. Mtwa hakupiga goti. Aliingia msituni na watu wachache, wengine hawana viatu, akaanza kuwapiga Waturuki kidogo kidogo, leo njiani, kesho kwenye kinu, kesho kutwa hayupo. Majira ya baridi walikula magome ya miti. Alipozidiwa alivuka mto mkubwa akakaa ugenini, kwa mfalme mwingine, na kila barafu ilipoyeyuka alirudi kuvuka, akachoma mashua za Waturuki na kuondoka. Ila kila mwaka vijiji alivyoweza kuvifikia vilipungua. Mwisho akafia ng'ambo.

Waturuki hatukuwajua. Tulikubaliana kwamba ni watu kama Wangoni, kwa sababu babu zetu wote walikuwa na hadithi ya siku Wangoni walipokuja na kila mtu akakimbilia mapangoni na mbuzi wake kamfunga mdomo. Darasani tulikuwa na Mngoni mmoja, Gama, wa Songea, rafiki yangu wa damu. Basi Gama akawa Mturuki. Kila mapumziko tulikwenda kwenye mikaratusi nyuma ya bweni, sisi sote tukawa mtwa na watu wake, na Gama akawa jeshi lote la Waturuki, na farasi wao. Alikufa kila siku saa nne. Kuna siku alikataa. Alisema hata Waturuki wenyewe lazima waliwahi kushinda mara moja, ama sivyo hiyo nchi waliichukuaje? Tukapeleka shauri kwa Fundi. Fundi akacheka mpaka akakaa chini, akasema Gama ndiye mwenye akili darasani.

Na hapo ndipo Fundi mwenyewe alipokuwa na kona zake. Mtu aliyeweza kuwalaani Waturuki kutoka kengele hadi kengele, kahawa yake aliichemsha kwenye kibirika kidogo cha shaba chenye mpini mrefu, nyeusi kama lami, na akasema hivi ndivyo inavyonywewa kwao. Nani aliwafundisha? Waturuki. Maneno ya jikoni kwao, nusu ni ya Waturuki. Rafiki yake pekee mjini alikuwa Mwarabu wa duka la nguo, wakicheza karata kila Jumamosi bila lugha ya pamoja, kila mmoja akimwibia mwenzake waziwazi. Nilimwambia mtwa angekukuta hapo angekukata kichwa. Akasema mtwa angeomba kikombe.

Alikuwa na msemo mmoja alioutumia kwa kila kitu, toka mtihani hadi ndoa: Mturuki usimpige darajani, mpige akishavuka, anapofungua mkanda. Maana yake ni kwamba mtu akiwa kwenye hatari yuko macho. Anajisahau hatari ikipita. Sisi tuliutumia msemo huo kuibia njegere za shule. Lakini mara moja tuliutumia kwa jambo kubwa, na hilo lazima nilieleze, kwa sababu bila hilo yaliyofuata yasingetokea.

Fundi alikuwa ametoboa gogo lililobaki kwenye madawati, akalifanya kama kata ya maji yenye shingo ndefu, akaliwamba ngozi ya mbuzi. Si ya yule wa Mwalimu Mkuu, ingawa alitamani. Kwao ala hii ina uzi mmoja tu na upinde mmoja, na ndiyo wanayoimbia habari za kina mtwa. Lakini uzi wake ni wa singa za mkia wa farasi, na kwetu farasi utampata wapi? Alikuwepo mmoja, wa setla wa pareto upande wa Makambako, aliyekuja naye Njombe mwisho wa mwezi kujionyesha. Gogo lile likaning'inia ukutani bila uzi, muda mrefu, kama mtu aliyenyamazishwa.

Mimi na Gama hatukuambiwa na mtu. Tulimngoja farasi kijitoni, si kabla ya kuvuka, baada ya kuvuka, pale mchunga farasi alipomwacha anywe, naye akaenda kichakani kufungua mkanda. Mpaka kwenye mkanda msemo ulikuwa sahihi! Nilishika hatamu nikimsemesha farasi Kibena cha heshima. Gama akashika mkia na kisu cha kukatia ngozi. Singa tulizipata. Gama alipata pia teke la paja lililomlaza kwenye matope akiwa bado kazishika.

Fundi alizipokea zile singa, akazinyoosha moja moja mezani. Kisha akatuuliza nani alisimama wapi. Tulipomweleza, alitupa adhabu ya kuranda mbao wiki nzima, na akafafanua kwamba si kwa wizi. Ni kwa sababu mtu mzima wa miaka kumi na mitano kasimama nyuma ya farasi.

Alipoufunga uzi na kuanza kuimba, tulikuwa sisi wawili tu karakanani, tumejiandaa kucheka. Ala ilikuwa inalia kama nyuki kwenye chupa. Sauti yake ilikwenda juu kidogo, ikashuka, ikarudi pale pale, kama mtu anayetembea kwenye chumba kidogo. Hatukuelewa neno hata moja. Gama alikuwa wa kwanza kuacha kutabasamu. Tukamuuliza ilikuwa sehemu gani, akasema ni pale mtwa anapokufa.

Jumamosi zikawa hivyo. Akitoka kwa Mwarabu alikaa kizingitini mwa karakana akaimba. Na bibi yangu, mama mzaa baba, kibanda chake kilikuwa chini ya shule, akipanda na mzigo wa kuni ilibidi apite hapo. Siku moja alisimama na mzigo kichwani hadi wimbo ulipokwisha. Kisha akaniita pembeni. Bibi huniita mume wangu, kwa hiyo mnisamehe.

"Mume wangu, anamlilia nani huyu?"

Nikamwambia anamlilia mtwa wa kwao, aliyepigana msituni na watu waliochukua nchi yake, akafia ugenini.

"Kazikwa wapi?"

Nikasema wimbo hausemi.

"Nani alimkalia matanga?"

Nikasema wimbo hausemi hilo pia, unasema tu rangi ya farasi wake.

"Wimbo gani unasema farasi alikuwa rangi gani na hausemi mtu kazikwa wapi?" akasema Bibi, akautengeneza mzigo wake na kwenda. Mimi nilidhani yameishia hapo. Nilikuwa nimesahau naongea na nani.

Kesho yake baada ya ibada, wanawake walipanda mlima kwa mstari. Kila mmoja na kuni kichwani au kikapu cha unga mkononi, kanga zimefungwa kiunoni kama zinavyofungwa kwenye msiba. Nyuma yao wanaume, wamevua kofia, wamebeba ulanzi, pombe ya mianzi. Wanaume wakakaa nje ya karakana kwenye mbao za shule. Wanawake wakaingia ndani, wakafagia maranda, wakaketi sakafuni. Fundi alitoka nyuma ya nyumba na taulo shingoni, sabuni sikioni, akamkuta Bibi mlangoni, naye Bibi akampa mkono na pole ya kufiwa.

Nikaitwa nitafsiri. Fundi alikuwa mwekundu hadi kipara. Akasema nimwambie Mama kwamba ametukuzwa sana, lakini kuna kosa. Mtwa hakufa juzi. Alikufa kabla ya babu wa babu yake Fundi, karibu miaka mia tano.

Nililitafsiri hilo taratibu, kwa raha, nikiwaangalia wazee nyuso, nikingoja kicheko cha mwaka. Mzee mmoja alishusha kata yake ya ulanzi. Bibi akafikiri.

"Na muda wote huo hajakaliwa?"

Fundi akasema, hapana, nadhani hapana. Alifia kwa watu.

"Basi tumechelewa," akasema Bibi. "Mwambie asogeze zile mbao, watu wakae."

Walikaa. Mwalimu Mkuu alipopata habari alikuja mbiombio kuuvunja msiba huo, maana yeye ni Mlutheri wa kunyooka. Akauliza kama marehemu alikuwa Mkristo. Fundi akasema sana. Wa madhehebu gani? Wa wale wanaosherehekea Krismasi mwezi wa kwanza. Mwalimu Mkuu akaonekana anatafuta kanuni, akaikosa. Mwishowe aliketi, akaanzisha wimbo wa mazishi, na sauti yake, mbuzi wake asisikie, ni nzuri.

Ndipo Bibi akauliza swali lililotuweka mimi na Gama kwenye historia. Mtani wake nani? Maana msiba bila mtani si msiba, ni watu wamekaa. Ilibidi nimweleze Fundi. Kwetu hapa, wale mliopigana nao zamani, wakakuchomea, ukawachomea, yakishapoa wanakuwa watani. Ukifiwa wanakuja wao, wanavaa nguo za marehemu, wanamwigiza alivyotembea na alivyokuwa mchoyo, wanadai malipo, na hamna ruhusa ya kukasirika. Sisi na Wangoni tuko hivyo.

Fundi alinitaka nirudie. Kisha akamuuliza Bibi, kwa Kiswahili chake mwenyewe, kama ni kweli wale waliokuja kuwaua wanaruhusiwa kuja kucheka msibani.

"Wasije wao aje nani?" akasema Bibi. "Nani anamjua marehemu vizuri kama aliyepigana naye?"

Mtwa alipigana na Waturuki, na Mturuki Njombe alikuwepo mmoja tu. Gama hakungoja kuitwa mara mbili. Alivaa aproni ya ngozi ya Fundi, akajifunga manyoya ya kondoo kidevuni, akapanda ufito kama farasi, akawa mtwa. Akakimbia kutoka mti hadi mti, akimpiga Mturuki asiyeonekana halafu akijificha nyuma ya mwanamke mnene kuliko wote. Akala gome la mkaratusi, akasifu mapishi. Akavuka mto, ambao ulikuwa miguu ya wazee walioinyoosha mbele ya moto, akalia kila hatua kwamba maji ni ya baridi, nani aliniambia niwe shujaa, kwa nini sikupiga goti kama wenzangu niwe na mizabibu. Watu walijishika mbavu. Fundi alicheka, akacheka, na kicheko kikageuka pale pale tukiangalia, mabega yakaendelea kutikisika lakini hakikuwa kicheko tena. Wanawake walikuwa wanalingoja hilo. Waliinua sauti wote kwa pamoja, wakamlilia mtwa kwa Kibena, na bonde likarudisha.

Siku ya tatu Bibi alikuja na wembe. Msiba unafungwa kwa kunyolewa. Mfiwa asiponyolewa, msiba uko wazi. Fundi alikuwa na ndevu za kufika kifuani, nyeupe kama nyasi za mwezi wa saba, na ndevu hizo, ndipo tulipojua, aliziwekea nadhiri. Hatazinyoa mpaka afike kwao.

"Nadhiri ya miaka mingapi?" akauliza Bibi.

"Mpaka nifike, Mama."

"Na usipofika?"

Fundi akazikusanya ndevu mkononi. Sijawahi kumwona Bibi akishindwa na mtu, na sidhani kama alishindwa siku ile. Alikunja wembe akasema basi, msiba haujafungwa, na msiba usiofungwa una haki zake. Toka hapo kila wiki mwanamke mmoja alipanda na kikapu cha unga cha mfiwa. Fundi alijaribu kukataa. Akaambiwa si wake, ni wa marehemu. Ukawa msiba mrefu kuliko yote Njombe. Mimi nimeula ugali wake mara nyingi, na napenda kutoa shukrani zangu kwa mtwa.

Mwaka uliofuata kambi ikaanza kufungwa. Wapolandi waliondoka kundi kwa kundi, wengine Uingereza, wengine nchi ambazo ramani yetu ilikuwa imechanika hapo. Akaja afisa wa wakimbizi karakanani, kijana mwenye koti zuri, akamwambia Fundi achague: kwao, au nchi moja ya mbali yenye misitu na viwanda vya mbao, watampa kazi na nyumba. Fundi akasema anafikiri. Afisa akarudi, Fundi bado anafikiri. Shule iliomba abaki, serikali ikakataa. Mkimbizi lazima aende mahali.

Bibi hakuyatambua mambo ya serikali. Alimpa shamba. Si maneno, alimpeleka akamwonyesha, kipande cha mteremko juu ya kijito, akamwambia jenga, nitakutafutia mke mjane asiyesema sana. Fundi alikilima kile kipande. Niliamini kabisa tumeshinda. Nilimkuta jioni moja amekaa kwenye matuta, jembe kaliegemeza, akitazama upande wa milima ya Makete, nikamwuliza nyumba ataielekeza wapi. Alinyanyua mkono kuonyesha, akaushusha. Akasema kila anapoielekeza, mlango unatazama kwao. Wiki ile alirudisha jembe.

Sikumuaga. Ilikuwa likizo, niko Makambako na mjomba wangu, tumeshusha viazi kwenye lori na tunangoja lingine la kwenda Iringa. Makambako unapajua, upepo una mchanga na chai ina mchanga. Lori la wakimbizi wa mwisho lilikuwa limesimama mbele ya mgahawa, na kwenye benchi nje, kati ya wanawake wa Kipolandi na mabunda yao, alikuwepo yeye amekaa juu ya sanduku lake, glasi ya chai mikononi, akiipulizia.

Nilikaa chini karibu naye. Akaniuliza habari za paja la Gama, kama vile ilitokea jana. Akanituma salamu kwa Bibi, ndefu, ambazo nilizifikisha zote. Kisha nikasema nasikia ile nchi ya mbao miti yake ni mikubwa, watu kumi hawaizunguki.

"Siendi huko," akasema. "Nimemwambia yule kijana wa koti aandike kwamba narudi nyumbani."

Dereva alikuwa ameanza kuwapandisha watoto. Nikamwambia, Fundi, watakufunga.

"Watanifunga. Watu wenyewe nawajua. Mmoja tulisoma naye, alikuwa mbaya wa hesabu." Akamwaga machicha ya chai mchangani. "Gereza lenyewe nalijua pia. Liko juu ya mto, jiwe tupu, lilijengwa zamani. Nilipokuwa mdogo tulilitazama kutoka kwetu kila asubuhi tukipeleka kondoo. Ina maana na huko ndani wanatutazama."

Sikuelewa haraka. Aliona sijaelewa, akanieleza kama alivyonieleza ulimi na tundu, taratibu, bila kunidharau. Madirisha ya upande ule yanaelekea kijijini. Nyumba ya kwao ni ya pili kutoka kanisani. Bila ukungu unauona mlango.

Nilitaka kusema kitu kikubwa. Kilichotoka ni kumuuliza dirisha lenyewe ni kubwa kiasi gani.

Fundi aliweka glasi benchini. Akanyanyua mikono yake miwili mbele ya uso, viganja vikitazamana, akapima hewani, upana kama wa kitabu cha nyimbo. Alitazama kati ya viganja, kule barabarani, kama kuna kitu. Halafu akaviachanisha kidogo zaidi.